Nyonga Bandia Isiyouma Nayo Ipigwe Picha

Mgonjwa wa nyonga akirudi Kigoma kutoka Dar es Salaam, Moshi au Mwanza akiwa amewekewa nyonga bandia, tunampokea kama mtu aliyemaliza safari. Alikuwa anatembea kwa magongo, sasa anakwenda sokoni mwenyewe. Alikuwa halali usiku, sasa analala. Ndugu wanamshukuru Mungu, majirani wanakuja kumpa pole na hongera kwa pamoja, na baada ya miezi michache hakuna anayekumbuka kwamba ndani ya paja lake kuna chuma. Tarehe ya kurudi kliniki inapita. Nauli haipo, mguu hauumi, mwenye mguu ana kazi zake.

Hapo ndipo penye hatari. Kwa mtu mwenye kiungo bandia, kutosikia maumivu si ushahidi kwamba mfupa wake uko salama. Mfupa unaweza kuliwa miaka kadhaa bila mwenyewe kuhisi chochote, na maumivu yakija, mara nyingi sehemu kubwa imeshakwenda. Kwa hiyo uchunguzi wa watu hawa hauwezi kuachwa uongozwe na maumivu, wala hauwezi kuendelea kutegemea safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,200 kwenda Dar es Salaam. Ufanyike hapa hapa mkoani.

Nyonga bandia ya kawaida ina shina la chuma linaloingizwa ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha mviringo kinachokaa juu ya shina hilo, na kikombe kinachokazwa kwenye mfupa wa nyonga ili kichwa kizunguke ndani yake. Shina huwa la titani iliyochanganywa na alumini na vanadi, au la kobalti na kromi, au la chuma kisichoshika kutu. Kichwa huwa cha kobalti na kromi au cha seramiki. Ndani ya kikombe, kwa wagonjwa wengi, kuna plastiki ngumu aina ya polithini. Kila hatua, kichwa kinasugua kikombe huku kimebeba mzigo, na mzigo unaoiangukia nyonga mtu anapotembea ni zaidi ya mara mbili ya uzito unaosomeka kwenye mizani. Mtu wa kawaida hupiga takriban hatua milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu. Hakuna kinachosuguliwa mara milioni kwa mwaka kisilike, na kinacholika hutoka kama vumbi laini.

Mafundi wa mashine za boti pale Kibirizi wanalielewa jambo hili bila kufundishwa na daktari. Fundi akimwaga oili chafu, huchukua tone, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaligeuza kwenye jua kutafuta vimeta vya chuma. Akiviona anajua kuna mahali ndani ya mashine chuma kinakula chuma, hata kama mashine bado inanguruma vizuri na mwenye boti anataka kuingia ziwani jioni hiyo hiyo. Lakini oili ya mashine hubadilishwa, na mashine haina kinga ya mwili. Binadamu anayo, na kinga hiyo ndiyo inayoligeuza vumbi kuwa ugonjwa wa mfupa.

Vumbi likiingia kwenye maji ya kiungo, seli za kinga ziitwazo makrofeji hulifuata na kulimeza, kwa njia ile ile zinavyomeza bakteria. Bakteria humeng'enywa wakaisha. Plastiki haimeng'enyeki. Seli iliyoimeza inabaki na kitu isichoweza kukimaliza, na inaanza kumwaga kemikali za uvimbe, kama TNF-alfa na interlukini 1 na 6. Kemikali hizo huita seli nyingine zije, na huongeza protini iitwayo RANKL, ambayo kazi yake ni kuamsha osteoklasti, yaani seli zinazobomoa mfupa. Katika mwili wenye afya osteoklasti hubomoa na osteoblasti hujenga, siku zote, na mfupa ukabaki na nguvu zake. Penye vumbi, wabomoaji huongezeka na wajenzi hudhoofika. Kunatokea mashimo kuzunguka shina na nyuma ya kikombe. Hakuna kidudu, hakuna usaha, hakuna homa. Na kwa kuwa mfupa uliobaki bado umelishika shina, mguu haumwambii mwenyewe lolote. Maumivu huja shina linapolegea na kuanza kucheza, au mfupa uliobaki mwembamba unapovunjika kwa kujikwaa tu.

Ukubwa wa chembe una uzito mkubwa katika habari hii. Chembe kubwa makrofeji haziwezi kuzimeza. Zinazochochea zaidi ni zile ndogo, za chini ya mikromita moja hadi chache, ndogo kuliko seli nyekundu ya damu. Watafiti walikadiria kwamba nyonga yenye polithini ya zamani inaweza kuachia chembe kama laki tano kwa hatua moja tu.

Somo hili halikupatikana kwa urahisi. John Charnley, daktari wa Uingereza aliyeipa dunia nyonga bandia ya kisasa akiwa hospitali ya Wrightington, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kikombe cha Teflon, kwa sababu ni plastiki inayoteleza sana. Wagonjwa takriban 300 walifurahi, wakatembea. Baada ya miaka michache vikombe vilikuwa vimelika vibaya, na kuzunguka viungo vyao kulikuwa na uvimbe uliojaa vumbi jeupe la Teflon pamoja na mfupa ulioharibika. Charnley alijiwekea pajani mwake plastiki hiyo na nyingine ili aone mwili unavyoipokea, na Teflon ikamwachia vinundu. Novemba 1962 alihamia polithini nzito, na polithini ndiyo iliyobeba upasuaji huu kwa miaka zaidi ya 60 sasa. Ninamheshimu sana kwa kuwafuatilia wagonjwa wale wale aliowapasua. Angewaacha waende zao baada ya kuona wanatembea, asingejua lolote.

Hata hivyo polithini nayo ililika, polepole zaidi. Katika miaka ya 1980 madaktari walipoona mashimo kwenye mifupa waliilaumu saruji, ile gundi ya akriliki inayolishikilia shina ndani ya mfupa, wakayaita ugonjwa wa saruji. Wakatengenezewa mashina yasiyohitaji saruji. Mashimo yakaendelea kutokea. Ndipo ikakubalika kwa wengi kile ambacho watafiti Willert na Semlitsch walikuwa wameshakieleza mwaka 1977: tatizo ni vumbi, na vumbi laweza kutoka kwenye plastiki, kwenye saruji au kwenye chuma.

Chuma ndicho kilicholeta kisa kikubwa zaidi. Fikra ilikuwa nzuri kwenye karatasi: ikiwa plastiki inalika, tuiondoe, tuweke kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma, vyote vya kobalti na kromi, vimeng'arishwa vikateleza. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba ujazo wa kinacholika ni mdogo mara nyingi kuliko ule wa plastiki. Kampuni zikatangaza, madaktari wakashawishika, na vijana wanaopenda michezo wakaambiwa hii ndiyo nyonga yao.

Walichokipima ni ujazo. Hawakutilia uzito idadi ya chembe, udogo wake na tabia yake ya kikemia. Chembe za kobalti na kromi ni ndogo mno, nyingi zina nanomita makumi tu, kwa hiyo ujazo mdogo hugawanyika kuwa chembe matrilioni kwa mwaka, nyingi kuliko zile za plastiki. Tena chuma hakikai kimya ndani ya seli. Makrofeji ikimeza chembe ya kobalti, asidi iliyomo ndani ya vifuko vyake vya kumeng'enyea inaiyeyusha, ayoni za kobalti, yaani chembe zake zilizoyeyuka zenye chaji ya umeme, zinatoka na kuiua seli yenyewe. Seli ikifa, kilichobaki kinamwagika na kumezwa na seli ya jirani, nayo inakufa. Kwa baadhi ya watu limfosaiti, seli nyingine za kinga, nazo huingia, kwa namna ya mzio, na kuharibu zaidi. Ayoni hizo hizo hudhoofisha osteoblasti, kwa hiyo hata ujenzi wa mfupa unasuasua. Daktari akifungua nyonga ya namna hii anakuta nyama imegeuka kijivu au nyeusi, maji ya kiungo yamechafuka, na wakati mwingine uvimbe mkubwa wenye majimaji ambao si saratani lakini unakula mfupa na misuli inayoshikilia nyonga. Watafiti wa Oxford waliuelezea uvimbe huo mwaka 2008. Misuli ikishakufa, hata nyonga mpya ikiwekwa mgonjwa hubaki anachechemea.

Nyonga iliyotajwa kuliko zote ni ASR ya kampuni ya DePuy, iliyo chini ya Johnson & Johnson. Kikombe chake kilikuwa na kina kifupi, na kikikaa pembeni kidogo tu kichwa kilisugua ukingoni, ule utando mwembamba wa maji unaotenganisha chuma na chuma ukapotea. Ilirudishwa kiwandani duniani kote Agosti 2010, watu takriban 93,000 wakiwa wameshawekewa. Takwimu za Uingereza za wakati huo zilionyesha kwamba ndani ya miaka 5 wagonjwa 12 hadi 13 kati ya 100 walikuwa wamelazimika kupasuliwa tena. Mwaka 2013 kampuni ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kwa wagonjwa karibu 8,000 wa Marekani.

Fedha hizo huzungumzwa sana. Mimi kinachonishika zaidi ni nani aliyeona mapema. Ilikuwa Australia, nchi yenye daftari la taifa la viungo bandia tangu 1999, ambamo kila nyonga na kila goti huandikwa: aina gani, aliwekewa nani, lini, na kama imebidi kuondolewa. Daftari hilo lilianza kuonyesha kuanzia 2007 kwamba ASR inaondolewa kuliko nyingine. Mwishoni mwa 2009 iliacha kuuzwa Australia, na bado wagonjwa wa nchi nyingine waliendelea kuwekewa kwa miezi mingi. Hakuna aliyegundua kwa kumsubiri mgonjwa mmoja mmoja aje kulalamika. Iligunduliwa kwa kuandika na kuhesabu. Sweden ilikuwa na daftari la nyonga tangu 1979. Na kwa wanaosema hayo ni mambo ya matajiri, Malawi, jirani yetu asiyetuzidi mali, ilianzisha daftari lake mwaka 2005.

Leo nyonga za kichwa kikubwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma zimeachwa karibu kila mahali. Polithini ya kisasa, iliyopigwa mionzi ili ishikane zaidi, inalika kidogo sana kuliko ile ya zamani, na imepunguza mashimo ya mfupa kwa kiasi kikubwa. Ni habari njema na ninaisema kwa moyo wote, maana sitaki mtu wa Kasulu au Uvinza anayeteseka asome makala haya akaahirisha upasuaji. Uchambuzi uliojumuisha takwimu za Australia na Finland na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nyonga bandia 58 kati ya 100 zilidumu miaka 25, na magoti 82 kati ya 100. Dawa chache za binadamu zinaweza kujisifu hivyo.

Lakini vumbi halijaisha. Pale kichwa kinapochomekwa kwenye shingo ya shina, chuma na chuma hucheza kidogo kidogo na majimaji ya mwili yenye chumvi huingia katikati, kutu ya aina yake ikaanza. Kobalti na kromi zinaweza kutoka hapo hata kama kikombe kina plastiki. Niongeze kidogo kwa wale waliowekewa vyuma kwa ajali ya bodaboda: fimbo au bamba la kuunga mfupa uliovunjika halina kichwa kinachozunguka ndani ya kikombe, kwa hiyo haya si ya kwao kwa kiwango hiki. Anayepaswa kusikiliza ni mwenye nyonga au goti lililobadilishwa.

Tena takwimu zile za miaka 25 zimetoka kwa watu wa aina gani? Wengi walikuwa wazee wa karibu miaka 70, waliostaafu. Kwetu sura ni nyingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na ukanda wa ziwa na magharibi tunaujua ugonjwa huu majumbani mwetu. Selimundu huziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja kikakosa damu na kufa. Anayehitaji nyonga hapo ni kijana wa miaka 20 na kitu au 30 na kitu. Mzee wa miaka 70 anaweza kufa akiwa na nyonga yake ya kwanza. Kijana wa miaka 28 ana hatua makumi ya milioni mbele yake, na hizo hatua si za kutembea ukumbini. Ni za kupanda na kushuka milima ya Buhigwe na ndoo kichwani, za kuchutama chini ya michikichi, za kubeba madumu ya mawese hadi barabarani. Vumbi huhesabika kwa matumizi kuliko kwa miaka. Miaka 10 ya kijana wetu inaweza kuzidi miaka 20 ya mstaafu wa Helsinki.

Kuna jambo jingine linalohusu vijana hawa hasa. Kobalti hutolewa mwilini na figo, na selimundu huharibu figo. Mwenye figo dhaifu akiwa na chuma kinacholika, kobalti hujikusanya kwenye damu. Kobalti ikizidi sana imeripotiwa kudhuru moyo, masikio, macho na tezi ya shingo. Hili lilijulikana hata kabla ya nyonga: katikati ya miaka ya 1960 huko Quebec, Kanada, bia iliyotiwa kobalti ili povu lidumu iliwaua wanywaji kadhaa kwa ugonjwa wa moyo. Madhara ya namna hiyo kutokana na nyonga ni nadra, lakini daktari anayemtibu mgonjwa wa moyo asiyejua kwamba ana nyonga ya chuma hawezi hata kulifikiria.

Na hapa Kigoma, mara nyingi hajui. Nilimtembelea baba mmoja wa Ujiji, mvuvi wa zamani, aliyebadilishwa nyonga miaka mingi iliyopita nje ya mkoa. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza mara ya mwisho kupigwa picha ya nyonga ilikuwa lini.

"Mwanangu, mguu hauumi. Niende hospitali nikawaambie nini?"

Akanitolea bahasha ya kaki iliyokuwa chini ya godoro. Ndani mlikuwa na filamu za X-ray zilizojikunja kwa joto, mbili zimegandana kiasi kwamba kuzibandua kungezichana. Iliyokuwa nzima niliinua dirishani. Shina lilionekana jeupe kabisa katikati ya mfupa wa kijivu, na upande wa nje, karibu na bega la shina, palikuwa na mstari mweusi mwembamba unaoshuka. Mstari kama huo unaweza kuwa si kitu. Ungeweza kuwepo tangu wiki ya kwanza ukabaki hivyo hivyo. Unaweza pia kuwa ndio mwanzo wa shimo. Jibu lilikuwa kwenye ile filamu ya kwanza iliyogandana na mwenzake. Jina la nyonga aliyowekewa halikuwa kwenye karatasi yoyote. Fomu ya kuruhusiwa iliandika tu kwamba amebadilishwa nyonga ya kulia. Nilimsihi aende, akaniahidi baada ya mvua. Mguu wenyewe anauchulia mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kila jioni, na anaamini ndiyo yanayoutunza.

Simlaumu mzee yule hata chembe. Hakuna aliyemwambia kwamba picha anayotakiwa kupigwa ni ya wakati ambao hana maumivu. Na hili la filamu ni la msingi. Picha moja ya nyonga bandia inasema machache. Zinazosema ni picha mbili za pembe ile ile zilizopigwa kwa miaka tofauti, zikiwekwa pamoja. Hapo hata tabibu asiye bingwa anaweza kufundishwa kutazama mambo manne: je, kuna mstari mweusi ambao haukuwepo au umepanuka, je, kuna shimo, je, shina limezama au limeinama kuliko mwanzo, je, kichwa bado kiko katikati ya kikombe au kimepanda juu, dalili kwamba plastiki imelika. Akiona badiliko, apeleke picha zote mbili kwa bingwa wa mifupa. Siku hizi picha hutumwa kwa simu kutoka Kakonko hadi Dar es Salaam kabla chai haijapoa, na mgonjwa anasafiri pale tu anapohitajika kusafiri.

Kwa hiyo ninaiomba ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa na uongozi wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, waanzishe daftari la watu wa Kigoma wenye nyonga na magoti bandia. Wasisubiri mfumo wa taifa. Liwe hata daftari la kaunta lenye mistari, halafu liingizwe kwenye kompyuta. Zahanati na vituo vya afya vinajua watu wao. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua nani kijijini alikwenda kupasuliwa nyonga. Kila aliyepo aitwe, apigwe picha moja ya kuanzia, na picha hiyo ihifadhiwe hospitalini. Godoro si kabati la kumbukumbu. Baada ya hapo ningependekeza picha kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mara nyingi zaidi kwa vijana, kwa wenye selimundu, kwa wenye figo dhaifu na kwa yeyote aliyewekewa chuma juu ya chuma.

Kipimo cha kobalti na kromi kwenye damu ni jambo la maabara maalumu, na sitegemei kukipata kila mkoa. Uingereza mwaka 2010 iliweka mikrogramu 7 kwa lita kuwa kiwango cha kumfanya daktari achunguze zaidi. Wanaokihitaji ni wachache, na watajulikana tu kama imejulikana kwanza wamewekewa nini.

Na kwa hospitali kubwa zinazowapasua watu wetu, ombi ni dogo. Boksi la nyonga bandia huja na stika zenye jina la kifaa, namba ya aina na namba ya toleo. Stika moja hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Nyingine ibandikwe kwenye kadi ngumu apewe mgonjwa mkononi, pamoja na picha ya kwanza. Kifaa kikirudishwa kiwandani kesho, namba hiyo ndiyo itakayowezesha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba au hospitali kumtafuta mtu wa Mwandiga na kumwambia njoo. Bila namba, tangazo la kurudisha kifaa halimfikii yeyote.

Najua nitaambiwa mkoa una malaria, una akina mama wanaojifungua, una wakimbizi, na mimi naleta habari za wenye nyonga za mamilioni. Malaria na uzazi vitangulie, sibishani na hilo. Lakini tazama gharama zinavyokwenda. Vumbi likigunduliwa mapema kwa picha, shina likiwa bado limeshika vizuri, mara nyingi inatosha kubadilisha plastiki ya kikombe na kichwa, na mashimo kujazwa mfupa wa kupandikiza. Likigunduliwa baada ya shina kulegea, lazima yote yang'olewe, mfupa mwembamba ukivunjika wakati wa kung'oa uungwe, na liwekwe shina refu la aina maalumu ambalo ni ghali kuliko la kwanza, kwa upasuaji mrefu zaidi, damu nyingi zaidi na hatari kubwa ya maambukizi. Kwa mwenye selimundu, damu nyingi si neno la kupita tu. Wala hakuna kidonge kilichothibitishwa kuzuia vumbi lisile mfupa. Kilichopo ni kuona mapema na kubadilisha.

Gharama ya picha moja ya X-ray kila mwaka mmoja au miwili mkoa unaiweza, na familia nyingi zinaiweza. Gharama ya upasuaji ule wa pili familia hizo haziiwezi, na kama ni bima, italipa mara kadhaa ya kile ilichokwepa kulipia picha. Nchi imeshapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga orodha ya huduma zitakazolipiwa waingize picha ya ufuatiliaji kwa mwenye kiungo bandia asiye na dalili yoyote, waiandike hivyo kwa maneno, maana fomu zetu zina mahali pa kuandika mgonjwa analalamika nini, na huyu halalamiki.